Maji kuchemka digrii 95 Arusha: jaribio, hesabu na maswali

Kila muhula, katika maabara za shule za Arusha, kuna kipimajoto kizima kinachosingiziwa ubovu. Maji yanatokota, mvuke unapanda, lakini mstari mwekundu umegoma kwenye 95. Mwanafunzi amekariri 100, basi anaandika 100 na kuhamia swali linalofuata. Somo hili ni la kidato cha pili hadi cha nne. Linaunganisha mambo matatu ambayo hufundishwa mbalimbali, fizikia huku na kemia kule: jotoridi (kiasi cha umoto), nishati ya joto, na kanieneo la hewa, yaani presha yake.

Tuanze na kuchemka kwenyewe. Maji hutoa mvuke yakiwa na jotoridi lolote, hata ya mtungini. Mvuke huo una kanieneo lake, nalo hukua kadiri maji yanavyopata moto. Likishalingana na kanieneo la hewa iliyoyakalia maji kwa juu, povu la mvuke linaweza kuzaliwa ndani kabisa ya maji bila kubonyezwa likafa. Hapo ndipo tunasema maji yamechemka. Kwa hiyo 100 si tabia ya maji peke yake, ni makubaliano kati ya maji na hewa.

Usawa wa bahari, Tanga kwa mfano, hewa hukandamiza kwa takribani kilopaskali 101.3 (kilopaskali ni kipimo cha kanieneo), na maji huchemka digrii 100. Uwanja wa ndege wa Arusha uko mita 1,387 juu ya bahari. Hapo kanieneo ni kama kilopaskali 86, na mvuke wa maji hulifikia kwenye digrii 95 na ushee. Moshi mjini, kwenye mita 850 hivi, tarajia 97. Kambi ya Horombo mlimani Kilimanjaro, mita 3,720, ni karibu 88, na kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni 80 au 81. Kwa hesabu ya haraka, toa digrii 1 kwa kila mita 300 unazopanda.

Vifaa: bika ya mililita 250, silinda ya kupimia, kipimajoto cha 0 hadi 110, stendi na kishikio chake, tripodi na wavu, jiko la gesi au la spiriti, saa, mizani, barafu, na vipande vichache vya kigae kisichong'arishwa, vya ukubwa wa punje ya mchele.

Hatua ya 1. Kipimeni kipimajoto kabla hakijawapima ninyi. Ponda barafu, iloweke kwa maji kidogo, koroga, zamisha kipimajoto dakika tatu. Kikisoma 0, ni kizima. Kikisoma 2, kumbuka kutoa 2 kwenye kila kipimo. Angalia pia kama mstari mwekundu umekatika katikati. Vipimajoto vya spiriti vina ugonjwa huo, na kilichokatika husoma juu kuliko ukweli. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na bila hiyo huna ushahidi kwamba 95 ni kweli.

Hatua ya 2. Weka mililita 150 za maji kwenye bika pamoja na vipande vya kigae. Kigae kina vitundu vyenye hewa ambamo mapovu huanzia. Kwenye bika safi na laini maji yanaweza kupita jotoridi la kuchemka yakiwa yametulia, kisha yakalipuka ghafla na kukurukia.

Hatua ya 3. Funga kipimajoto kwenye stendi, tungi lake (ncha ya chini yenye spiriti) liwe sentimita 2 juu ya kitako cha bika. Likigusa kitako, unapima kioo kilichopigwa na moto.

Hatua ya 4. Pima uzito wa bika na maji yake, kisha washa. Soma kila dakika moja. Maji yakichemka sawasawa, usizime. Endelea kusoma dakika tano zaidi. Uso wako usiwe juu ya bika.

Hatua ya 5. Zima, acha ipoe, pima uzito tena: upungufu ni maji yaliyogeuka mvuke. Chora grafu ya jotoridi dhidi ya muda.

Grafu itapanda, kisha italala. Hapo kwenye kulala ndipo wengi wanapotea: moto bado unawaka, joto bado linaingia, jotoridi haliongezeki hata chembe. Joto hilo linakwenda wapi? Linatumika kuzitenganisha chembe za maji ili ziwe mvuke, halibaki kuziongezea kasi.

Weka namba uone. Gramu 150 za maji kutoka digrii 23 hadi 95 zinahitaji 150 × 4.2 × 72, yaani jouli 45,360 (4.2 ni jouli za kupasha gramu 1 ya maji kwa digrii 1). Kugeuza gramu 1 ya maji kuwa mvuke kunadai jouli 2,260 hivi. Basi jouli zilezile zilizopasha bika nzima zinatosha kuvukiza gramu 20 tu. Ndiyo maana sufuria huwahi kuchemka lakini huchelewa kukauka, na ndiyo maana mvuke unaunguza vibaya kuliko maji ya jotoridi hilohilo: ukigusa ngozi unarudi kuwa maji na kuzitapika jouli zote hizo.

Nyongeza kwa waliomaliza mapema: chukua bomba la sindano jipya la mililita 20, bila sindano. Vuta mililita 5 za maji ya digrii 70, toa hewa yote, ziba ncha kwa kifuniko chake, kisha vuta mpini kwa nguvu. Maji yatachemka mkononi mwako bila moto. Umeyapunguzia kanieneo.

MASWALI NA MAJIBU

Kidato cha tatu, Moshi: Shikamoo mwalimu. Mapovu yalianza maji yakiwa digrii 50. Je, hapo yalikuwa yanachemka?

Marahaba. Hapana. Hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Maji ya moto hayawezi kuishika kama ya baridi. Mapovu hayo ni madogo na hung'ang'ania kuta za bika. Ya kuchemka huanzia chini, hupanda, na kupasukia juu.

Kidato cha nne, Arusha: Kwenye mtihani wa taifa niandike 95 au 100?

Swali la nadharia likitaja kanieneo la kawaida, au lisipotaja chochote, andika 100. Kwenye vitendo andika ulichosoma, kisha eleza sababu. Ukiweka 100 kwenye jedwali ilhali vipimo vya jirani ni 94.5 na 95, grafu yako itakuumbua.

Mzazi, Usa River: Nikizidisha moto makande yataiva haraka?

Yakishachemka, hapana. Moto mkubwa huongeza mvuke na kumaliza mkaa, jotoridi linabaki palepale. Funika, punguza moto. Ukitaka kupandisha jotoridi, ongeza kanieneo: sufuria ya presha ikifikia mara mbili ya kanieneo la usawa wa bahari, maji ya ndani huchemka digrii 120 hivi.

Mzazi huyohuyo: Na chumvi je? Au magadi?

Chumvi hupandisha, lakini kiduchu mno. Gramu 10 kwenye lita moja huongeza chini ya digrii 0.2, kwa hiyo tia kwa ajili ya ladha. Magadi ni habari nyingine, na hapa tunahamia kemia. Yana kaboneti na haidrojeni kaboneti ya sodiamu, ambazo hufanya maji kuwa ya besi, kinyume cha asidi. Besi huvunja pektini, ile gundi inayoshikanisha seli za maharage, hivyo yanalainika mapema bila jotoridi kupanda. Ila usimimine tu: besi huharibu pia vitamini B1, na yakizidi chakula kinakuwa na ladha ya sabuni.

Kidato cha pili, Ngaramtoni: Nguo inakaukaje kwenye kamba wakati jua halifiki hata digrii 40?

Huo ni uvukizaji, si kuchemka. Chembe za maji hazina kasi moja. Chache zenye kasi kubwa huponyoka kwenye uso wa maji wakati wowote. Kuchemka kunahitaji povu ndani ya maji, kwa hiyo lazima mvuke ulishinde kanieneo la hewa. Uvukizaji hauhitaji povu. Upepo husaidia kwa kuondoa mvuke uliokwisha kutoka usirudi kwenye nguo.

Fundi maabara, Moshi: Sisi tulipata 99 siku nzima.

Rudieni hatua ya 1 na ya 3. Kwa urefu wa Moshi, digrii 2 za ziada mara nyingi ni tungi kugusa kitako au mstari uliokatika. Kama mstari umekatika, tumbukizeni tungi kwenye barafu yenye chumvi mpaka spiriti yote ishuke na kuungana, kisha kiacheni kimesimama wima kirudi taratibu.