Usijifungie nje ya seva: netplan try kabla ya apply
Ukibadilisha mipangilio ya mtandao kwenye seva ya Ubuntu iliyo mbali, na njia yako pekee ni SSH (kuingia na kutoa amri kupitia mtandao), usikimbilie `sudo netplan apply`. Netplan ni zana ya Ubuntu ya kupanga mtandao, na `apply` hutumia mabadiliko moja kwa moja bila kukusubiri uthibitishe. Andika `sudo netplan try`. Mipangilio mipya inaanza kazi papo hapo, lakini usipobonyeza Enter ndani ya sekunde 120, ile ya zamani inarudi yenyewe. Umekosea anwani ya ruta na SSH imeganda? Subiri dakika mbili, ingia tena, hakuna haja ya kumwamsha mtu aende kwenye chumba cha seva. Kabla ya Enter, jaribu kuingia upya kwa dirisha la pili. Lile la kwanza kuwa hai si ushahidi wa kutosha.

Kasheshe ni pale unapobadilisha IP ya seva yenyewe. Hata kama hujakosea kitu, dirisha lako litaganda, Enter haitafika, na kazi yako itafutwa. Hapo endesha amri ndani ya `tmux` (programu inayoiacha amri ikiendelea hata muunganisho wako ukikatika), ingia kwa IP mpya, andika `tmux attach`, kisha Enter. Dakika mbili ni chache? Ongeza `--timeout 300`.

Usiitegemee `netplan try` kwa baadhi ya vigezo vya `bonds` (kadi kadhaa za mtandao zinazofanya kazi kama moja) na `bridges` (madaraja yanayounganisha mitandao), maana havirudishiki. Na kwenye Debian inayotumia `/etc/network/interfaces` haipo kabisa. Huko mimi hutanguliza `sudo shutdown -r +5`, yaani mashine iwake upya baada ya dakika tano, halafu najaribu kwa amri ya `ip`, ambayo mabadiliko yake hufutika mashine ikiwaka upya. Yakikubali, naghairi kuwasha upya kwa `sudo shutdown -c`, ndipo nahariri faili.