Umevuka 50 na una wazo lako la biashara? Anza hivi

Kwanza kabisa kiinua mgongo usikiguse. Najua mashemeji washakuja na stori za hiace, matikiti, kuku wa mayai, wewe waambie bado unajipanga, maana kijana wa miaka 25 akipigwa anaanza upya ila hela yako wewe ikiyeyuka ndo basi tena.

Chukua daftari uandike kile ambacho watu huwa wanakufuata wewe kuuliza. Kama umekuwa fundi pampu au mpishi wa shule miaka 30 lazima kuna kero umeiona kila siku na hakuna aliyeitatua, anzia hapo.

Mcheki mzee Momofuku Ando wa Japani, ndo aliyetuletea hizi tambi za fasta watoto wanazililia kwa jina la indomie. Chama cha mikopo alichokuwa anakiongoza kilifilisika akabaki na nyumba tu, ana miaka 47, akajenga kibanda uani pale Ikeda akahangaika na tambi karibu mwaka mzima, haziwi, mpaka siku kamuona mkewe anakaanga tempura (mboga na samaki wa kuchovya kwenye unga uliokorogwa) akashtuka kumbe mafuta ya moto yanafukuza maji na kuacha vitundu vidogo, baadaye ukimwagia maji ya moto yanapita humohumo tambi inalainika. Akaingia sokoni 1958, na zile za kikombe alizitoa 1971 ana miaka 61!

Kwa hiyo na wewe tafuta kibanda chako, hata kona ya jiko, weka laki moja usizidishe, jaribu, haribu, rudia. Wa kuonja au kutumia wasiwe wanao, watakusifia tu kwa heshima, mpe jirani mbishi halafu angalia anavyokitumia usimfundishe. Lile wazo la kikombe Ando alilipata kwa kuwaangalia Wamarekani wanavunja tambi wanazitia kwenye vikombe vya karatasi.

Mambo ya simu na malipo, kaa na mjukuu akufundishe, aibu ya nini, Mzee Maruge kule Eldoret, Kenya, alianza darasa la kwanza 2004 na miaka 84, kavaa na kaptula ya shule.

Ukishaona watu wanarudi kununua bila kubembelezwa ndo uende SIDO, lile shirika la serikali la viwanda vidogo, wakusaidie vifungashio, na kama ni chakula ulizia na mambo ya TBS (shirika la viwango) mapema, hapo sasa unaweza kumega kidogo kwenye kile kiinua mgongo.