Namna ya Kuandika Maisha ya Mfalme Gongmin wa Goryeo

Mtu anayekusudia kuandika maisha ya Gongmin, mfalme aliyeitawala Goryeo, ufalme wa kale wa Korea, kuanzia mwaka 1351 hadi alipouawa mwaka 1374, hana budi kwanza kuwajua waliomwandika kabla yake. Chanzo kikuu ni Goryeosa, historia yenye juzuu 139 iliyokamilishwa mwaka 1451, wakati Goryeo imekwisha kuanguka na Korea imo mikononi mwa nasaba ya Joseon. Nasaba hiyo iliasisiwa mwaka 1392 na Yi Seong-gye, jemadari aliyewatumikia wafalme wa Goryeo kabla ya kuwapindua, na waandishi wake walikuwa na haja ya kuonyesha kwamba waliopinduliwa walistahili. Ndiyo maana U, aliyemrithi Gongmin, hakuwekwa katika fungu la wafalme. Amewekwa pamoja na wahaini, kwa madai kwamba baba yake halisi alikuwa mtawa Sin Don. Unaposoma, tia alama pembeni mwa kila habari ambayo ingewafaa watawala wapya, na usiinakili kabla ya kuipima.

Majina na tarehe yashughulikie mapema, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujikwaa. "Gongmin" ni jina alilopewa na nasaba ya Ming ya China mwaka 1385, akiwa kaburini. Alipokuwa hai aliitwa Wang Jeon, na kwa Kimongolia Bayan Temür. Wafalme sita waliomtangulia wote majina yao huanza na "Chung", neno lenye maana ya utiifu, nao utiifu huo ulikuwa kwa himaya ya Yuan ya Wamongolia. Hesabu ya miezi katika vitabu vile hufuata mwandamo wa mwezi, kwa hiyo mwezi wa tisa aliouawa mfalme ni Oktoba katika kalenda yetu. Umri nao huhesabiwa kwa kumpa mtoto mwaka mmoja tangu anapozaliwa, jambo linaloweza kukuzidishia mwaka ukiwa huna hadhari.

Sura ya ujana iandike taratibu. Gongmin alizaliwa mwaka 1330, akapelekwa Dadu, mji mkuu wa Yuan uliopo mahali pa Beijing ya leo, mwaka 1341, akakaa huko kama mateka wa heshima kwa muda wa miaka kumi. Mwaka 1349 alimwoa Noguk, binti wa ukoo wa kifalme wa Kimongolia. Usikubali kishawishi cha kumchora kama mtu aliyewachukia Wamongolia tangu utotoni. Aliishi ndani ya nyumba yao, akaona kwa macho yake jinsi ilivyokuwa ikioza, na mkewe alisimama upande wake hata wakati wauaji walipomvamia katika hekalu la Heungwangsa mwaka 1363.

Mwaka 1356 ndio moyo wa utawala huu, na unastahili kurasa nyingi kuliko mwaka mwingine wowote. Panga matukio kwa mfuatano wake, kwa sababu mfuatano wenyewe ndio unaoeleza akili ya mfalme. Kwanza aliwaua Gi Cheol na wenzake, Gi Cheol akiwa kaka wa Malkia Gi, mwanamke wa Korea aliyeolewa na kaisari wa Yuan. Bila kuwaondoa watu hao, kila siri ya Goryeo ingefika Dadu. Kisha akaivunja ofisi ambayo kwayo Yuan ilijiingiza katika mambo ya Goryeo, akaacha kuhesabu miaka kwa enzi ya Yuan, akatuma majeshi kaskazini na kuirudisha Ssangseong, eneo la mpakani lililokuwa chini ya Wamongolia tangu mwaka 1258. Aliyesaidia kufungua njia huko alikuwa Yi Ja-chun, baba yake Yi Seong-gye, na hapo msomaji aonyeshwe kwamba ukoo utakaoiangusha Goryeo uliingia kwa mlango wa ushindi wake. Usimwache nje jemadari In Dang: Yuan ilipotishia kulipiza kisasi, mfalme alimuua In Dang, ingawa alikuwa ametekeleza amri yake. Anayeandika sifa tupu hulipita jambo hili, nami naliona kuwa linatufundisha zaidi kuhusu Gongmin kuliko ushindi wenyewe.

Uvamizi wa waasi wa Vilemba Vyekundu kutoka China, mwaka 1359 na tena 1361, unatosha aya moja: mji mkuu, Kaesong ya leo, ulitekwa katika uvamizi wa pili, na mfalme akakimbilia Andong.

Mwaka 1365 Noguk alifariki katika uzazi. Goryeosa inadai kwamba tangu hapo mfalme, aliyekuwa mwerevu na mpole, alipotewa na akili na kumwachia Sin Don nchi nzima. Gawa ukurasa wako sehemu mbili, upande mmoja uweke lawama, upande wa pili uweke matendo. Upande wa matendo utakuta kwamba mwaka 1366 iliundwa ofisi ya kuwarudishia watu mashamba yaliyonyang'anywa na kuwaachia huru waliofanywa watumwa kwa nguvu, na mwaka 1367 chuo cha Seonggyungwan kilifufuliwa chini ya mwanazuoni Yi Saek, na mwenzake Jeong Mong-ju akiwa miongoni mwa walimu. Kisha jiulize ni nani aliyepoteza mashamba yale, na ni nani aliyeshika kalamu. Sin Don aliuawa mwaka 1371. Kuhusu vijana wa Jajewi, kikosi cha kumhudumia mfalme kilichoundwa mwaka 1372, simulizi za aibu ni nyingi. Andika kwa uhakika kwamba towashi Choe Man-saeng na Hong Ryun wa kikosi hicho ndio waliomuua mfalme, na mengine uyataje kama madai.

Mwishowe toka vitabuni uende kwenye mawe na picha. Karibu na Kaesong yapo makaburi mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu, la Noguk na la mumewe aliyesimamia ujenzi wake, nayo yamo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2013. Huko Seoul, ndani ya Jongmyo, mahali palipojengwa na Joseon kwa ajili ya kuwaenzi wafalme wake yenyewe, kuna kibanda kidogo chenye picha ya Gongmin na Noguk wakiwa wameketi pamoja. Habari ya kibanda hicho iweke katika sura ya kwanza, jirani kabisa na maelezo yako kuhusu Goryeosa.