Namna ya kuhesabu mabao ya Paulino Alcántara bila kuchanganya mafaili

Utasoma mahali kwamba Paulino Alcántara, mshambuliaji wa soka wa miaka ya 1912 hadi 1927, aliifungia klabu ya Barcelona ya Hispania mabao 369 katika mechi 357. Kwingine utakuta 395 katika mechi 399. Usikimbilie namba kubwa. Hesabu zote mbili zimejumlisha mashindano na mechi za kirafiki, ndiyo maana zinatofautiana: mechi za kirafiki za enzi zile hazikuandikwa kwa utaratibu mmoja. Mshambuliaji huyu aliyezaliwa Iloilo, Ufilipino, anastahili hesabu safi, na simu yenye intaneti pamoja na daftari vinatosha.

Chora jedwali la safu 6: tarehe, timu aliyochezea, mpinzani, aina ya mechi, mabao yake, chanzo. Safu ya nne ndiyo roho ya kazi. Andika M kwa Kombe la Mfalme la Hispania, C kwa ubingwa wa Catalonia (jimbo la Barcelona), R kwa mechi ya kirafiki, T kwa timu ya taifa. Herufi ya ligi usiiweke kabisa. Ligi ya Hispania ilianza 1929, naye alitundika daluga 1927. Ukikuta orodha inayompa mabao ya ligi, iache.

Mstari wa kwanza utasomeka hivi: 25 Februari 1912, Barcelona, Català SC, C, mabao 3. Barcelona ilishinda 9-0 na mabao matatu ya mwanzo yalikuwa yake. Sasa hakiki umri. Alizaliwa 7 Oktoba 1896; hadi 7 Februari 1912 ni miaka 15 na miezi 4, ongeza siku 18. Hakiki na siku ya wiki pia: 25 Februari 1912 ilikuwa Jumapili, siku ya kawaida ya mechi. Tarehe ikiangukia katikati ya wiki na si sikukuu, mara nyingi mtu amenakili siku gazeti lilipotoka.

Kwa chanzo, fungua kumbukumbu za magazeti ya Barcelona, La Vanguardia na Mundo Deportivo. Zote zipo mtandaoni. Tafuta “Alcántara”, kisha “Alcantara” bila alama, halafu jaribu jina la mpinzani pamoja na mwaka. Kurasa kuukuu zilisomwa na mashine, na wino uliofifia hugeuza herufi, kwa hiyo utafutaji wa neno moja tu utakukosesha mechi nyingi. Mundo Deportivo mwanzoni lilitoka kila wiki, basi ripoti ya Jumapili itafute katika toleo linalofuata.

Halafu weka uzio kwenye miaka 1916 hadi 1918. Kipindi hicho alikuwa Ufilipino akisomea udaktari na kuichezea klabu ya Bohemian ya Manila. Bao la Barcelona lenye tarehe ya 1917 ni kosa la mwandishi. Mwaka huohuo alikuwa Tokyo na timu ya Ufilipino iliyoifunga Japani 15-2 kwenye Michezo ya Mashariki ya Mbali. Mechi hiyo ipewe T, lakini kwenye karatasi ya peke yake ya Ufilipino.

Karatasi ya timu ya taifa ya Hispania, aliyoichezea baadaye, ni fupi na inajihakiki yenyewe: mechi 5, mabao 6. Mawili dhidi ya Ubelgiji Oktoba 1921, mawili dhidi ya Ureno Desemba 1921, mawili dhidi ya Ufaransa, 30 Aprili 1922 jijini Bordeaux, Hispania iliposhinda 4-0. Hapo ndipo shuti lake linapodaiwa kuchana nyavu, na mashabiki wakamwita Mchana Nyavu. Usimweke kwenye Olimpiki ya Antwerp, 1920; alibaki kufanya mitihani ya udaktari.

Rekodi ya 369 ndiyo Lionel Messi aliyoipita 16 Machi 2014 dhidi ya Osasuna, na mabao ya kirafiki ya Messi nayo yalihesabiwa. Ukitaka kuwalinganisha, ondoa R kwa wote wawili. Kuondoa kwa mmoja tu ni kumdhulumu.

Ukocha upewe ukurasa wake. Mwaka 1951 Alcántara aliinoa Hispania kwa mechi 3: Uswisi 6-3, Ubelgiji 3-3, Sweden 0-0. Andika ushindi 1, sare 2, na safu ya mabao yake iache tupu.