Kujenga Tovuti ya Shule: Mtafute Mzazi Kabla ya Kuchora Ukurasa

Katika utaratibu wa zamani, mkuu wa shule hueleza anachotaka, nawe ukaorodhesha mahitaji, ukachora kurasa, ukaandika programu, ukaijaribu na kuikabidhi, na hatua iliyofungwa hairudiwi. Winston Royce, mtaalamu wa programu za kompyuta, aliueleza mfuatano huo mwaka 1970, na yeye mwenyewe alionya kwamba kuyaacha majaribio hadi mwishoni ni hatari. Utaratibu unaomlenga mtumiaji, ambao leo una kiwango chake cha kimataifa, ISO 9241-210, humweka mzazi mwanzoni, kisha humrudia kila unapobadilisha kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha kompyuta, zungumza na wazazi watano. Usiwaulize wangependa tovuti ya namna gani, kwa maana watakujibu kwa adabu tu. Waulize mara ya mwisho walipohitaji jambo kutoka shuleni walifanya nini. Utasikia habari za ada, akaunti ya benki, tarehe ya kufungua shule na fomu ya kujiunga. Historia ya shule, ambayo mkuu angependa itangulie, hutajwa kwa nadra.

Kisha chora kurasa kwenye karatasi, umwekee mzazi mbele yake, umpe kazi moja na unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote. Mama mmoja niliyemwomba atafute fomu ya kujiunga aliweka kidole juu ya neno “Nyaraka”, akakiondoa, akakirudisha, mwishowe akaniuliza fomu iko wapi, ilhali nilikuwa nimeiweka humo humo. Nilifuta neno lile nikaandika “Fomu ya Kujiunga”, na mzazi aliyefuata aliigusa mara moja. Kosa hilo lingegunduliwa baada ya makabidhiano, lingedai mazungumzo mapya ya malipo.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alishauri mwaka 2000 kwamba majaribio kadhaa madogo ya watu watano hufaa kuliko jaribio moja kubwa, na bajeti ya shule huyamudu.

Hata hivyo, usiutupe utaratibu wa zamani wote. Bodi ya shule inahitaji bei na tarehe zinazojulikana. Basi ziandike katika mkataba, pamoja na awamu tatu za majaribio na marekebisho yake. Awamu ya mwisho ifanyike kwa simu ya mzazi mwenyewe, akitumia bando lake, wala si kwa Wi-Fi ya ofisini kwako.