Kupiga picha za harusi Mwanza: anza na saa ya jua kuzama, urudi nyuma

Wadau habari za wikendi. Mimi ni mpiga picha hapa Mwanza, napiga harusi, sendofu, kicheni pati, kipaimara, mahafali, picha za familia, na mwezi ukiwa mkavu napiga mpaka paspoti saizi sioni aibu. Vijana wakija kujifunza swali lao la kwanza ni ninunue kamera gani kaka. Na mimi nawauliza, jua la leo linazama saa ngapi? Hakuna anayejua, wanacheka wanadhani nawatania.

Sitanii. Mji wetu umekaa upande wa mashariki wa ghuba ya Ziwa Victoria, kwahiyo jioni jua linaangukia majini, na maharusi karibu wote wanataka ile picha ya mawe, ziwa na jua jekundu nyuma yao. Alafu huku tuko karibu na mstari wa ikweta, jua linashuka wima halichelewi, likishazama una kama dakika 20 hivi giza limeshaingia. Mwezi wa 11 linazama kwenye saa 12 na dakika 35 jioni, mwezi wa 2 linasogea mpaka saa 1 na dakika kadhaa. Hiyo ndo saa pekee siku ya harusi ambayo mwenyekiti wa kamati hawezi kuisogeza.

Mwaka wangu wa kwanza niliamini ratiba ya kamati. Imeandikwa vizuri kabisa, saa 11 picha Capri Point, ile sehemu ya mawe iliyoingia ziwani. Tukafika Capri Point saa 1 na dakika 10, kiza, mbu, shela imeshachoka, nikapiga na flashi ya juu ya kamera, maharusi weupe pee na nyuma yao nyeusi tii kama wamepigwa kituo cha polisi. Yule dada mpaka leo ukutani kwake kuna picha ya keki tu. Tangu siku hiyo ratiba naandika mwenyewe, na naiandika kwa kurudi nyuma.

Hatua ya 1: kaa na maharusi kabla ya kukaa na kamati

Kamati ina hela lakini maharusi ndo wenye picha. Waite wote wawili, hata kama ni kwa soda tu, uwaulize vitu vitatu: ndoa inafungwa wapi na saa ngapi, saluni iko wapi, na ukumbi uko wapi. Ukishajua hayo chora njia. Saluni iko mjini, kanisa Nyegezi, ukumbi Ilemela, hapo tayari unajua umekufa na foleni, ongezea msafara na matarumbeta wanaotaka kuzunguka mji mzima wapigiwe honi.

Sasa rudi nyuma. Tuseme jua linazama saa 12:45. Nataka maharusi wawe kwenye mawe saa 11 na nusu. Basi picha za familia nje ya kanisa ziishe saa 10 na nusu, ibada iishe saa 10, ianze saa 8, bibi harusi atoke saluni saa 7, na mimi niwe saluni saa 5. Alafu bibi harusi mwambie saa 6 na nusu, hiyo nusu saa iliyobaki usimwambie mtu, ni ya kwako na ya saluni maana sijawahi kuona saluni iliyomaliza bibi harusi kwa wakati.

Hela: mimi nachukua nusu ili tarehe iwe yako, na nusu nyingine kabla ya siku yenyewe, karatasi moja ya makubaliano tunasaini. Kuna kamati moja sitaitaja ilisema salio utapata ukumbini baada ya zawadi, nimekuja kulipwa bibi harusi keshakuwa mjamzito na tumbo linaonekana. Usikubali salio la baada ya sherehe. Baada ya sherehe hakuna kamati, kuna watu waliochoka na madeni ya vyakula.

Hatua ya 2: nenda kwenye eneo saa ileile, kabla ya siku

Nenda siku mbili tatu kabla, saa 11 na nusu, usiende asubuhi maana asubuhi mwanga unatoka upande mwingine kabisa. Capri Point ukubali kwamba jumamosi hauko peke yako, mnaweza kuwa maharusi wanne mnagombania jiwe moja. Jiwe la Bismarck kila mtu analitaka, lakini lile lipo majini, wewe unapiga ukiwa ufukweni na jiwe liko nyuma, kwahiyo usiwaahidi watu kwamba watasimama juu yake. Kisiwa cha Saanane ni pazuri ila ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kuna boti na kiingilio, kaulize ofisini kwao mapema habari ya kupiga picha za biashara, usitokee tu na msafara.

Na ukifika angalia upepo, hii wengi hawaijui. Mchana na jioni upepo unatoka ziwani unakuja nchi kavu. Bibi harusi akiangalia ziwa shela inaruka nyuma vizuri kama bendera. Ila ukimgeuza ziwa liwe nyuma yake, ambayo ndo picha wanayoitaka, shela yote inamjia usoni na lipstiki inashika kitambaa. Dawa yake ni kumkalisha ubavu, bega moja kwa ziwa, na bwana harusi asimame upande upepo unakotokea amkinge. Au shela itoke kabisa, mpe matroni ashike.

Mawe nayo yana tabia zake. Saa 9 yanachoma, na ukiyakuta yamelowa yanateleza kama sabuni. Kwenye begi langu kuna kandambili za kike namba 39, zimeshapanda mawe na maharusi wengi kuliko viatu vyangu. Gauni refu linafunika, hakuna atakayejua.

Hatua ya 3: vifaa, hapa sitakaa sana

Kamera mbili, hata kama ya pili ni ya kuazima. Kama kamera yako ina sehemu mbili za kadi, andika picha kwenye kadi zote mbili kwa pamoja. Lenzi ya milimita 24-70 inafanya kazi asilimia kubwa ya siku, ukiwa na 85 ya picha za uso umekamilika, ukiwa na 50 tu ya f/1.8 (f ni tundu la lenzi, namba ndogo tundu kubwa) bado unaweza, mimi nilianza nayo. Flashi mbili, betri za kutosha zilizochajiwa jana yake na sio asubuhi ya siku hiyo, maana umeme ukikatika asubuhi utaanza kuongea peke yako. Droni usiirushe bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ukumbi ukiwa upande wa uwanja wa ndege ndo usahau kabisa.

Hatua ya 4: asubuhi, nyumbani na saluni

Piga vitu vidogo kabla watu hawajavihamisha: pete, viatu, kadi, gauni limening'inizwa dirishani. Alafu nenda kwa wazee. Mimi sio Msukuma ila neno mwangaluka (salamu ya asubuhi) na neno wabeja (asante) zimenisaidia kuliko lenzi yoyote, bibi ambaye amekaa kanuna tangu asubuhi ukimwambia mwangaluka mayu, yaani mama, anacheka mpaka meno yanaonekana, na hapo kidole kiwe tayari.

Shida kubwa ya siku nzima ni hii: gauni jeupe na ngozi nyeusi. Kamera haijui huyu ni bibi harusi, yenyewe inataka kila kitu kitoke kijivu cha wastani. Ikiona gauni jeupe limejaa inasema hapa pana mwanga mwingi, inapunguza, na uso wa dada wa watu unatoka mweusi hauna macho. Ukimgeukia bwana harusi na suti yake nyeusi inafanya kinyume, inaongeza, jasho linang'aa. Kwahiyo pima mwanga usoni. Weka kipimo cha nukta, elekeza shavuni, alafu angalia kama gauni bado lina mikunjo inayoonekana. Piga kwenye fomati ya RAW, faili ghafi la kamera, ili ukikosea kidogo urudishe. Na tafadhali usimng'arishe mtu rangi kwenye kompyuta, mteja akitaka nitamwambia hapana, mama yake lazima amtambue.

Hatua ya 5: kanisani au kwenye nikaha

Mfuate padri au mchungaji kabla ya ibada, msalimie, muulize nisimame wapi na flashi naruhusiwa muda gani. Dakika 2 tu, ila zinakuokoa kufukuzwa mbele ya watu 300. Kwenye kiapo na pete usitembee, kaa sehemu moja, washa shata ya kimya kama unayo. Kwa Waislamu wakati wa nikaha bwana harusi yuko na wanaume, bibi harusi yuko kwingine na wanawake, kwahiyo mimi naenda na dada mpiga picha wa upande wa kina mama, na picha za upande ule haziposti mtu bila ruhusa ya wenyewe.

Picha za familia nje: tafuta shangazi mmoja kila upande, mwenye sauti na anayejua majina, mpe orodha aite yeye. Anza na wazee, wapige waende wakakae, watoto wa mwisho. Watu wakiwa mistari mitatu nenda f/8, ukiwa f/2.8 mstari wa nyuma wote ukungu na hapo nyuma ndo yupo mjomba aliyechangia ng'ombe.

Hatua ya 6: muda wa ziwa

Hapa hakuna MC, hakuna kamati, wapambe watulie kwenye gari. Nenda na maharusi, matroni na msaidizi wako tu. Saa 11 na nusu jua bado kali, anza na picha za kivuli pembeni ya jiwe kubwa, nyuso zinatoka laini. Likishuka, sasa wageuze. Pima anga kwanza bila flashi, kwa mfano shata 1/200 ya sekunde, f/4, ISO 200 (ISO ni wepesi wa kamera kushika mwanga), mpaka rangi ya mawingu ikupendeze hata kama watu wametoka weusi. Usizidi 1/200 hivi, ukizidi sana flashi za kawaida zinakata picha nusu. Alafu ndo uwashe flashi iliyo pembeni na softiboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga, msaidizi aishike kwa nguvu maana ule upepo wa ziwani unaipeleka mpaka mjini, panda nguvu kidogo kidogo mpaka nyuso zikae sawa na anga.

Pozi usiwape nyingi. Waambie watembee, bwana amnong'oneze bibi jina alilokuwa anamuita walipoanza kujuana. Hiyo inaleta cheko ambalo huwezi kulipanga. Jua likishazama usifunge begi, zile dakika 10 za bluu baada yake mimi ndo nazipenda kuliko zote, maji yanakuwa kama chuma na taa za mjini zimeanza kuwaka.

Hatua ya 7: ukumbini

Kumbi zetu dari imefunikwa vitambaa vya mapambo. Ukirusha flashi juu kwenye kitambaa cha zambarau inarudi zambarau, ukoo mzima unatoka kama umekula zambarau kweli. Rusha kwenye ukuta mweupe kama upo, kama haupo weka flashi kwenye stendi kona ya ukumbi. Skrini za LED nyuma ya meza kuu na baadhi ya taa zinaleta mistari kwenye picha, umeme wetu ni wa 50Hz, kwahiyo mara nyingi ukishusha shata mpaka 1/100 mistari inapungua au inaisha. ISO 3200 usiogope, picha yenye chenga kidogo ni bora kuliko iliyotikisika.

Sherehe ikiwa ya bustanini ufukweni, jihadhari na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, hasa kipindi cha mwezi mwandamo. Wanafuata taa. Niliwahi kuwasha taa ya video kwenye keki, ndani ya dakika keki nyeupe imekuwa ya mbegu. Taa iweke mbali na chakula, washa ukihitaji, zima.

Kaa karibu na MC akupe taarifa ya kinachofuata. Na kula mapema, bufee ikifunguliwa wewe ndo unatakiwa kupiga watu wakipakua.

Hatua ya 8: usiku huohuo na baada yake

Usilale kabla hujahamisha. Nakala moja kwenye laptopu, moja hadidiski ya nje, na kadi zenyewe zikae kabatini hazifomatiwi mpaka maharusi waseme wamepokea. Wiki hiyo watumie picha 20 za kuanzia, ila WhatsApp ukituma kama picha inazikamua zinatoka mbovu, tuma kama dokyumenti. Kwenye picha 2,000 mimi natoa 400, watu wanalalamika mbona chache, ukiwaonyesha zile 1,600 za mjomba kafumba macho wanaelewa.

Mwisho chapa picha moja ya wale wazee wa asubuhi, inchi 6 kwa 8 na fremu ya kawaida, mpe bwana harusi aipeleke kijijini kwa bibi. Bibi hana simujanja, albamu atabaki nayo bibi harusi mjini. Nyuma ya fremu naandika namba yangu ya simu kwa kalamu ya wino mzito. Nimeshapigiwa na watu wa Magu, Misungwi na Sengerema wanaosema tumekuona kwa bibi ukutani, na Sengerema siku hizi tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 nakubali bila kuuliza ratiba ya kivuko, nauliza tu ndoa inaanza saa ngapi.