SPF, DKIM na DMARC: barua za domeni yako zisiishie kwenye spamu

Ankara uliyoituma kutoka info@mfano.co.tz ikiangukia kwenye spamu ya mteja, usianze kwa kubadilisha maneno ya barua. Anza kwenye DNS ya domeni, yaani rekodi za umma zinazoeleza domeni hiyo inatumia seva zipi. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na SPF (orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako) au DKIM (saini ya kidijitali ya barua), na anayetuma barua nyingi (kwa Gmail ni kama 5,000 au zaidi kwa siku) awe na zote mbili pamoja na DMARC (sera inayomwambia mpokeaji afanye nini barua isipothibitika). Hata kama unatuma barua kumi tu kwa siku, weka zote tatu.

Kabla ya kuandika chochote, jua ni nani anayeijibia domeni yako. Andika kwenye terminali:

dig NS mfano.co.tz +short

(Kwenye Windows: nslookup -type=ns mfano.co.tz.) Majina yatakayorudi ndiyo yanayokuambia uandike wapi. Yakiwa ya kampuni inayokuhifadhia tovuti, fungua "Zone Editor" kwenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti). Yakiwa ya Cloudflare (huduma inayokaa mbele ya tovuti na kutunza DNS), andika huko huko Cloudflare, kwa sababu rekodi utakazojaza kwenye cPanel hazitasomwa na mtu hata kama unaziona zimekaa pale vizuri. Kosa hili ndilo linalokula siku nzima za watu.

Kisha orodhesha kila kinachotuma barua kwa jina lako: masanduku ya wafanyakazi, fomu ya tovuti, programu ya ankara, huduma ya kutuma matangazo. Utakachokisahau hapa kitakusumbua baadaye.

SPF

Ni rekodi ya TXT (ya maandishi) kwenye domeni yenyewe, inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma:

v=spf1 ip4:192.0.2.10 include:_spf.google.com ~all

Weka IP ya seva yako mahali pa hiyo ya mfano, na include ya Google uiache tu kama unatumia Google Workspace. SPF lazima iwe moja kwa domeni. Mtu akihamia Google huongeza rekodi mpya na kuiacha ya zamani, mpokeaji akakuta mbili zinazoanza na v=spf1 na kutoa permerror (kosa la kudumu): hakuna inayohesabiwa. Ziunganishe ziwe mstari mmoja.

Kuna pia ukomo wa maulizo 10 ya DNS. Kila include, a na mx inahesabiwa, pamoja na zile zilizofichwa ndani ya include nyingine, ip4 haihesabiwi. cPanel hupenda kuweka +a. Ikiwa tovuti yako iko nyuma ya wingu la chungwa la Cloudflare (yaani wageni wanapitia kwao kwanza), hiyo +a inaleta IP za Cloudflare badala ya za seva yako. Iondoe, ibaki ip4.

DKIM

Seva inatia saini kila barua kwa ufunguo wa siri, nao ufunguo wa wazi unakaa kwenye DNS. Kwenye cPanel nenda "Email Deliverability", bonyeza "Manage", unakili jina na thamani. Selekta yake (jina la kuutambua ufunguo) kwa kawaida ni default, hivyo jina ni default._domainkey. Kwa Google Workspace ni google._domainkey, ukishaweka rekodi, rudi ubonyeze "Start authentication", la sivyo barua zinaendelea kutoka bila saini ya domeni yako.

Jihadhari na mambo mawili. Paneli nyingi huongeza jina la domeni zenyewe, kwa hiyo ukibandika jina zima unapata default._domainkey.mfano.co.tz.mfano.co.tz. La pili ni urefu: kipande kimoja cha TXT hakizidi herufi 255, na ufunguo wa biti 2048 unapita hapo. Paneli isipougawa yenyewe, ukate vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama za nukuu, bila kupoteza herufi. Kagua:

dig TXT default._domainkey.mfano.co.tz +short

DMARC

Hii inauliza kama SPF au DKIM iliyofaulu inalingana na domeni ambayo mpokeaji anaiona kwenye From. Tazama matokeo haya ya barua iliyotumwa kupitia huduma ya matangazo:

spf=pass smtp.mailfrom=jarida.example
dkim=pass header.i=@jarida.example
dmarc=fail header.from=mfano.co.tz

Mbili zimefaulu, lakini kwa jina la mwingine. Dawa yake ni kuingia kwenye huduma hiyo na kuwasha DKIM ya domeni yako.

Rekodi ya kuanzia ni TXT yenye jina _dmarc:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@mfano.co.tz

Hapa p=none inamaanisha angalia tu, na rua ni anwani ya kupokea ripoti. Iache wiki mbili hadi nne. Ripoti za XML zitakuja, kwa kawaida kila siku. Tafuta source_ip usizozitambua, na zile zako zinazofeli. Ukishazirekebisha, panda hadi p=quarantine (zipelekwe spamu), kisha p=reject (zikataliwe). Ukirukia reject siku ya kwanza, ile programu ya ankara uliyoisahau itaanza kukataliwa.

Fomu ya tovuti nayo ina kosa lake la kudumu: inaweka anwani ya Gmail ya mgeni kwenye From. Seva yako haina ruhusa ya kutuma kwa jina la Gmail. From iwe ya domeni yako, anwani ya mgeni ikae kwenye Reply-To, na barua ipite kwenye SMTP (njia ya seva kutuma barua) yenye nenosiri, mlango (port) 465 au 587.

Sasa jitumie barua kwenye Gmail, chagua "Show original", utafute PASS tatu. Barua iliyosambazwa kutoka sanduku lingine ikionyesha SPF imefeli, usihangaike; seva iliyoisambaza haimo kwenye orodha yako, na saini ya DKIM ndiyo inayoiokoa mradi barua haikubadilishwa njiani.

Na domeni ulizonunua lakini hazitumi barua usiziache wazi kwa matapeli. Zipe v=spf1 -all (hakuna seva yenye ruhusa), na kwenye _dmarc uandike v=DMARC1; p=reject.